Kiingereza Nilichosoma na Mama Mkwe

Miaka mitatu ya kwanza ya ndoa yangu, kitu nilichokifahamu vizuri kuhusu mama mkwe wangu kilikuwa mgongo wake. Ningeweza kuutambua mgongo ule kati ya migongo mia katika soko la samaki la Kashikishi, hata ukiwa umeinama juu ya kapu. Uso wake sikuujua. Mke wangu aliniambia kwamba mama yake ana mwanya, nami nilimwamini kama mtu anavyoamini habari za nchi za mbali.

Huku kandokando ya ziwa Mweru, upande wa Zambia, kwa watu wa mke wangu, mkwe mume haongei na mama wa mke wake, hamtazami usoni, hali mbele yake wala haingii kwake, mpaka siku watu wa mke watakapopika, wamwite, wamkalishe na kumfunulia vyungu kimoja kimoja. Hapo ndipo anakuwa ameingizwa. Kabla ya siku hiyo kazi yako ni kupisha njia. Tulipokutana barabarani, yeye alijifunika kitenge na kuanza kuangalia muhogo wa watu kwa makini sana, nami nikaruka mtaro. Nimeruka mitaro mingi ya Nchelenge. Mmoja niliuruka nikiwa na baiskeli ya mteja begani, na gurudumu likapinda, na nililinyoosha bure.

Wakwe wengine huingizwa baada ya mwaka mmoja, wengine hata miezi sita kama wana maneno matamu. Mimi nilikaa tu. Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo, tukavuka na wazazi wangu wakati wa vita, nikakulia katika makazi ya wakimbizi kabla ya kuja kufungua banda langu la baiskeli hapa. Na mama mkwe alikuwa na mdogo wake wa kike aliyewahi kuolewa na mtu wa Congo. Mtu yule aliaga siku moja kwamba anakwenda kumsalimia mama yake, atarudi. Yule dada aliendelea kupika chakula cha watu wawili kwa mwaka mzima. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na jani lenyewe ni mimi.

Ujumbe ulinifikia kupitia mke wangu, aliyeutoa akiigiza sauti ya mama yake mpaka mikono kiunoni.

"Anasema: bale batu ya ng'ambo banakuyaka na saki moya, banaendaka na saki moya. Apate kwanza kazi ya biro, kazi ya kumufunga hapa. Ile siku nitapika."

"Na baiskeli siyo kazi?"

"Anasema baiskeli ni ya kukimbilia."

Nilikasirika siku mbili, kwa ajili ya huo mfuko mmoja na ya baiskeli. Siku ya tatu nilikubali kwamba nataka kuingia nyumba ile kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Sikukuu zote mke wangu alikwenda kwao peke yake, akarudi akinukia kuku, akanisimulia kila kipande. Binti yetu wa miaka miwili aliingia na kutoka mle kama panya, huku baba yake amesimama nje ya ua wa matete akijifanya anakagua mnyororo wa baiskeli. Mtu anaweza kukagua mnyororo kwa muda gani? Iliniuma, sitaficha.

Basi kazi ya biro, yaani ya ofisini, ikatangazwa katika kliniki moja ya huku. Walitaka mtu wa kuwatafsiria wauguzi, mwenye Kiswahili, Kibemba na cheti cha Kiingereza. Viwili vya kwanza ninavyo. Kiingereza changu wakati huo kilitosha kutaja sehemu za baiskeli na kusema samahani. Cheti chenyewe kilitolewa na darasa la watu wazima lililofanyika kila alasiri katika ukumbi wa kanisa, miezi ya mvua, wakati ziwa limefungwa ili samaki wazaane. Ziwa likifungwa, watu wa Nchelenge hupata nafasi ya kutafuta akili. Nikajiandikisha.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mwembamba, mwalimu mkuu aliyestaafu, mwenye fimbo ndefu ya kuonyeshea ubaoni na mapenzi makubwa kwa kitenzi kimoja: "come", yaani kuja. Alisema ukikishika hicho, vingine vitajileta vyenyewe. Aliandika ubaoni maneno matano ya kuunganishia, "when", "if", "until", "before" na "unless", akatuapisha kwamba baada ya hayo matano hatutaweka kamwe "will" ya wakati ujao. Unasema "when you come", basi, hata kama mtu huyo atakuja mwakani. Kwa sisi tuliozaliwa ng'ambo yalikuwa mateso, maana kwetu watu husema "wakati utakuya" na "kama utakuya", na dunia inaendelea. Kila nilipofungua mdomo, ile "will" ilitoka yenyewe, na fimbo ikapiga ubao.

Aliyebishana naye zaidi alikuwa mvuvi mmoja kutoka kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani, mtu mpana mwenye sauti ya kuitia mitumbwi, aliyekuwa akikaa kwa kaka yake mpaka ziwa lifunguliwe.

"Ba ticha, mukwai," alisema, "huyu mutu hajakuya. Mbona munamusema sawa ameshafika?"

"Ndivyo Waingereza wanavyosema."

"Bangekuwa bavuvi, bangekufa na njaa."

Wiki ya pili nilichelewa kwa sababu ya tairi la mtu. Nilisukuma mlango wa ukumbi, nikaingia nikipangusa mikono, na pale benchi la mbele, karibu na dirisha, nikauona ule mgongo.

Nilikohoa, ndiyo adabu yenyewe. Kitenge kikapanda kichwani haraka kama pazia. Mimi nikarudi kinyumenyume, nikagonga pipa la maji, kifuniko kikaanguka na kuzunguka sakafuni muda mrefu sana. Darasa zima lilikisikiliza mpaka kikatulia.

Jioni mke wangu alinieleza huku akijizuia kucheka, na hakujizuia sana. Kaka yake anaishi Lusaka, ana mtoto wa miaka saba aliyelelewa kwa Kiingereza kitupu. Kila Jumapili mtoto humpigia simu bibi yake na kumwuliza utakuja lini, na bibi hujibu "yes". Mtoto huuliza tena, bibi hujibu "yes" tena, mpaka Jumapili moja mtoto akalia. Mama mkwe aliweka simu chini, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda kuandikishwa. Hakujua kwamba nami nimo.

Kwa hiyo hakuna aliyeweza kuacha. Tulipanga mambo bila kusemezana, kama tulivyozoea. Yeye alikaa mbele kulia, mimi nyuma kushoto, nyuma ya mabenchi ya kwaya yaliyopangwa moja juu ya jingine. Niliingia baada yake na kutoka kabla yake. Nilipoitwa kusoma kwa sauti, yeye alijifunika kichwa, na kwa siku kadhaa mwalimu alimpa pole akidhani jino linamsumbua.

Kisha mwalimu akatangaza kwamba mtihani utakuwa wa kuongea, watu wawili wawili, na akaanza kutupanga kwa kufuata daftari. Alipofika kwetu alisoma majina mawili mfululizo. Watu waliguna.

"Haiwezekani, ba ticha," mvuvi wa Kilwa alisema. "Huyu ni mukwe wake. Hajaingizwa."

Mwalimu alivua miwani. Alikuwa mtu wa huku huku, hakuhitaji kuelezwa. Alitutazama, au tuseme alitazama kitenge kimoja na rundo la mabenchi, akasema kwamba yeye mwenyewe alimkimbia mama mkwe wake miaka minne na mpaka leo goti lina kovu. Lakini wote wengine walikwisha kupangwa. Ndipo mama mmoja muuza vitumbua akauliza: katika mambo ya ndoa, watu wasioweza kuongea hufanyaje? Si humtuma shibukombe, yule mtu wa katikati anayepeleka maneno ya posa?

"Mimi hapa," mvuvi wa Kilwa alisema, akaja kukaa katikati ya ukumbi.

Hivyo ndivyo tulivyosoma Kiingereza. Mimi nilimwambia mvuvi sentensi yangu, naye akageuka na kuirudia upande wa dirisha kwa sauti ya ziwani. Mama mkwe alimnong'oneza jibu, naye akageuka na kunirushia. Kila sentensi aliisema mara moja kwa faida ya mwingine na mara ya pili kwa raha yake mwenyewe. Wakati mwingine aliipamba. Niliuliza kama mama alikuja sokoni mapema, yeye akamwuliza kama alikuja mapema, kama alilala vizuri na kama jino limepoa.

Wiki ya kwanza ya mpango huo tuliongea habari za hali ya hewa na soko, kama mwalimu alivyotaka. Wiki ya pili mama mkwe aligundua kwamba sasa anaweza kuniuliza chochote. Kwa miaka mitatu alikuwa na maswali yake kifuani, na hapa palikuwa na mwalimu anayemsifu kwa kila swali.

Aliuliza, kwa kupitia mvuvi: mama yako akikuita kutoka ng'ambo, utakwenda?

Nilijibu kwamba mama yangu amezikwa upande huu.

Mvuvi alilipeleka jibu lile polepole na bila mapambo.

"Sasa tumia 'unless'," mwalimu alisema, maana yeye hakuwa na huruma kazini.

Nilifikiri sana, nikasema sitaondoka Nchelenge isipokuwa ziwa lije ndani ya nyumba yangu. Niliona nimesema kitu cha maana. Mvuvi alipiga paja kwa furaha, akalipeleka dirishani. Jibu lilirudi upesi.

"She says," mvuvi alinguruma, kisha Kiingereza kikamwishia. "Anasema ziwa lilikuya mu nyumba yake mwaka ule wa mvua mingi. Kitanda kilielea. Na yeye bado iko pale pale."

Darasa lilicheka mpaka mwalimu naye akacheka. Nami, nyuma ya mabenchi yangu, niliwaza kwamba hayo ndiyo mazungumzo ya kwanza niliyowahi kuwa nayo na mama wa mke wangu, na kwamba nilikuwa nimeshindwa vibaya, na kwamba nilikuwa na furaha ya ajabu.

Mtihani ulipangwa siku ile ile ziwa lilipofunguliwa. Aliyepanga hivyo hakuwa mtu wa huku. Mvuvi wa Kilwa alidai afanye wa kwanza asubuhi, akafanya na mwalimu mwenyewe mbele ya msahihishaji, akatoka mbio na viatu mkononi kuelekea ufukweni. Zamu yetu ilifika saa tisa alasiri, darasa zima likitazama. Shibukombe wetu wakati huo alikuwa katikati ya maji.

Msahihishaji alikuwa kijana aliyetumwa kutoka mjini, mpole, mwenye kalamu mbili. Alituomba tukae tukitazamana. Tulikaa tukipeana mgongo. Alifikiri tumegombana, akasema kwa upole kwamba mambo ya nyumbani tuyaache nje. Mwalimu alijaribu kumweleza, akaomba muuza vitumbua akae katikati, lakini kijana alitikisa kichwa: katika mtihani hakuna mtu wa tatu.

"You may begin," aliniambia.

Mbele yangu palikuwa na ukuta na kalenda ya zamani yenye picha ya tausi. Nilimtazama tausi yule. Sentensi ninazo, "will" nimeifukuza, ulimi uko tayari. Nikinyamaza, hakuna cheti, na bila cheti hakuna kazi, na bila kazi sitafunuliwa chungu mpaka uzeeni. Nikisema, nitakuwa nimemvua nguo mama yule mbele ya watu wote anaowauzia samaki, na kabla ya jua kutua habari itakuwa imefika mpaka wilaya ya Chienge. Wangesema, si mnaona, mtu wa ng'ambo.

Nilinyamaza. Sijisifu, nilikuwa na hasira na kijana, na tausi, na aliyeumba Kiingereza. Lakini nilikaza midomo. Kijana alitazama saa yake mara mbili, akaanza kuandika.

Nyuma yangu nilisikia kikohozi. Kikafuata kile kishindo kidogo cha kitenge kinachofunguliwa na kufungwa upya, si kichwani tena, kiunoni.

"When you come to my house on Saturday," sauti ilisema, "do not stand at the fence."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa, nilidhani anamwambia msahihishaji. Sauti ikaendelea, taratibu, kila neno likiwekwa chini kama yai. Kabla sijaja, ninawe mikono, kwa sababu mikono yangu ina mafuta ya baiskeli. Nikija na binti yake, nije na mtoto pia. Hatafunua vyungu mpaka nije. Na nisipokuja, yule jogoo mwekundu atazeeka bure. Maneno yote matano ya mwalimu, na hakuna "will" hata moja iliyokaa vibaya.

Tausi alianza kuyeyuka machoni pangu.

"I will come," nilisema. Sikupata kingine.

Muuza vitumbua ndiye aliyeanza. Alipiga vigelegele mpaka popo wakatoka darini, wengine wakamfuata, mwalimu akapiga ubao kwa fimbo, mwanamke mmoja akaanza kucheza. Kijana wa mjini alisimama na kalamu zake mbili, akitabasamu kwa mashaka. Nafikiri mpaka leo anaamini kwamba watu wa Nchelenge wanapenda sana sarufi.

Jumamosi nilinawa mikono mpaka viwiko. Ndani kulikuwa na mjomba wa mke wangu, amekunja uso, maana mambo hayakwenda kama yanavyotakiwa. Mwaliko hutumwa na wazee, kwa utaratibu wake.

"Tangu lini mukwe anaitwa na Kizungu?" aliuliza. "Tena na mama mwenyewe?"

"Bankambo, wazee wa zamani, walikataza kumusemesha na luga yetu," mama mkwe alijibu. "Kizungu hawakukitaja. Mimi nilipita mulango wenye ulikuwa wazi."

Mjomba alilitafuna jambo hilo muda mrefu. Mwishowe akaomba aletewe munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na tukaelewa kwamba ameshindwa kesi.

Wakanikalisha kwenye mkeka. Mama mkwe alikuja akapiga magoti mbele yangu, akafunua chungu cha kwanza, bukari, yaani ugali. Cha pili, samaki wa kwanza wa ziwa lililofunguliwa. Cha tatu, jogoo mwekundu. Kila kifuniko alichoondoa alinitazama, nami nikamtazama. Ni kweli ana mwanya. Ana macho ya binti yangu, yale yale, yenye kushuku na kutaka kucheka kwa wakati mmoja. Nililia ndani ya munkoyo wangu, na mke wangu akawaambia watu kwamba ni pilipili.

Majibu yalitoka baada ya wiki chache. Mama mkwe alifaulu vizuri sana. Mimi nilianguka, kwenye karatasi yangu msahihishaji aliandika kwamba mtahiniwa alisema sentensi moja tu. Aliyeongoza darasa zima alikuwa mvuvi wa Kilwa, na haikuwa ajabu, maana alikuwa amesoma masomo ya watu watatu. Kliniki ilimchukua. Sasa anavaa koti jeupe na kuwatafsiria wagonjwa kwa sauti ambayo hata waliolala wodini huiitikia.

Nilimpelekea mama mkwe ile karatasi mwenyewe. Nilifika kwenye ua wa matete na miguu ikasimama pale pale ilipozoea. Alikuwa akimenya muhogo. Alininyooshea mkono, akasoma polepole, midomo ikicheza.

"Kazi ya biro imepotea, mama," nilisema.

"Naona."

"Mulisema kazi kwanza, kisha chakula."

"Chakula kimeshaliwa," alisema. "Nani atakirudisha mu chungu?"

Simu yake ikalia. Ilikuwa Jumapili. Alipangusa mkono, akaniashiria ningoje, na nikamsikia akimwambia mtoto wa Lusaka, kwa Kiingereza na bila kukwama, kwamba atakuja samaki watakapokauka. Upande wa pili mtoto alipiga kelele za furaha hata mimi nikazisikia. Mama mkwe aliikata simu, akaitazama kidogo, akarudi kwenye muhogo wake. Aliponiona bado nimesimama nje ya ua, alikunja uso.

"Kesho wakati utakuya," alisema, "ulete kuni. Hizi za hapa ni mbichi."

Mwalimu angeupiga ubao mpaka fimbo ivunjike. Mimi niligeuza baiskeli, nikaenda kutafuta kuni kavu.